Jinsi Ligi Yetu Tukufu Ilivyokomesha Ubaguzi

Ipo nchi moja, na jina lake silitaji kwa sababu nina watoto na sitaki kesi, ambayo haina ubaguzi wa rangi. Nasema haina. Imeandikwa kwenye katiba, imechorwa ukutani uwanja wa ndege, na watoto wanaiimba shuleni kila Jumatatu asubuhi kabla ya kupangwa madarasani kwa rangi.

Tunaishi humo watu wa aina mbili, sisi Wasindo na wale Wamunyu. Wasindo ni weupe. Mimi mwenyewe ni Msindo, na rangi yangu ni ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, tena maziwa ya kuomba kwa jirani, lakini kwetu huo ni weupe na ukibisha tutakuitia polisi. Wamunyu ni weusi. Babu zao waliletwa kuchimba chumvi kule mabwawani, wakachimba, wakazaa, wakaendelea kuchimba, na sisi kwa upendo wetu tumewaachia kazi hiyo mpaka leo bila kuwaonea wivu hata kidogo. Ukiwasimamisha Msindo na Mmunyu kivulini ukaambiwa uchague nani ni nani, utatokwa jasho. Ndiyo maana tunahitaji sheria nyingi.

Kinachotukutanisha ni mpira. Timu yangu ni Radi, na mwenye Radi ni Bwana Ladislausi Mtukura, Mlezi, Mfadhili, na kwa mujibu wa bango lililo getini kwake, Baba wa Wachezaji Wote. Ana viwanda, ana hoteli, ana kitambi kinachotangulia kuingia mkutanini.

Sasa kwetu ipo mila. Timu ikitwaa kombe, mwenye timu huwaalika wachezaji nyumbani kwake kula pilau, na kabla hawajagusa sinia huchukua birika kwa mkono wake mwenyewe akawanawisha mmoja mmoja, kuanzia nahodha mpaka yule wa benchi ambaye msimu mzima hajavua koti. Usilichukulie hivi hivi jambo hili. Mchezaji aliyenawishwa amekuwa mtu wa nyumba. Akioa, mwenye timu atasimama naye. Akivunjika mguu, hatatupwa. Asiyenawishwa ni kibarua tu, leo yupo kesho hayupo. Watu wamecheza na mbavu zilizopasuka ili wapate maji ya birika lile.

Msimu uliopita tulitwaa kombe. Nitasema ukweli, lilitwaliwa na Sabiti Ngerula, golikipa wetu na nahodha, Mmunyu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye siku ya fainali alidaka kila kitu isipokuwa ndege waliopita juu. Mama yake alisafiri kutoka mabwawani kuja kuona mwanawe akinawishwa. Alikaa mbele kabisa ya wageni, amejifunga kanga mpya ambayo bado ilikuwa na wanga wa dukani, mgongo wima, anatabasamu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mimi nilikuwa natazama kwenye televisheni. Nchi nzima ilikuwa inatazama, kwa kuwa Bwana Ladislausi aliagiza matangazo ya moja kwa moja na kipaza sauti kibandikwe kifuani pake, hotuba yake isipotee hata herufi.

Sabiti alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Akanyoosha mikono juu ya beseni. Bwana Ladislausi akainua birika, akaitazama ile mikono, kisha akasogea pembeni akamnawisha wa pili, Msindo. Akamnawisha na wa tatu. Kila alipofika kwa Mmunyu, birika lilipanda juu kama bei ya sukari, likashuka kwa Msindo aliyefuata. Alipomaliza akamgeukia mgeni mmoja aliyekuwa karibu naye akamnong'oneza, yaani alidhani ananong'ona:

"Hawa wa chumvini watanimalizia kisima bure. Weusi ule hautakati. Wapelekwe bomba la bustanini, wakanawe na mbwa."

Loh! Ikasikika baa, ikasikika saluni, ikasikika sebuleni kwa Rais wa nchi, ambaye nasikia alicheka kisha akakumbuka kukasirika.

Sabiti bado alikuwa amenyoosha mikono. Nasema kweli, nilitamani mtu amwambie aishushe. Aliyemwambia ni mama yake. Aliinuka, akapita katikati ya wageni, akamshika kiwiko.

"Twende, mwanangu," alisema. "Pilau hata kwetu ipo."

Haikuwepo, lakini alisema hivyo.

*

Msidhani Ligi ililala. Kesho yake tu ilitoa tamko kali lililosomwa mara mbili: "Ligi imepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa taarifa kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi." Fundi mitambo akafungiwa maisha. Kipaza sauti kikachukuliwa na polisi. Tukadhani mambo yamekwisha, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Lakini Wamunyu nao, sijui wana nini, wakakataa kusahau. Ikabidi iundwe Kamati ya Nidhamu. Kanuni zetu ziko wazi: mwenye timu hahukumiwi na mtu asiye na timu, maana masikini atajuaje machungu ya kuwa na wachezaji? Kwa hiyo Kamati ni wenye timu wenyewe, na mwenyekiti wao ni Rais wa Ligi, Jaji Mstaafu Pankrasi Mweta, mzee mwenye sauti nzito na usingizi mwepesi. Walikutana katika hoteli ya Bwana Ladislausi kwa sababu ndiyo yenye kiyoyozi. Bwana Ladislausi alikuwepo pia, kama mjumbe. Ilipofika kesi yake alijiondoa kikaoni kwa kugeuza kiti akatazama ukuta.

Kwanza Sabiti alipimwa. Kanuni zinataka mlalamikaji awe ameumia, na kuumia hakukisiwi. Daktari wa Ligi, aliyezoea misuli na vifundo vya miguu, akambonyeza kifua, akamgonga goti kwa kinyundo cha mpira.

"Mguu umeruka," alisema. "Huu nao umeruka. Hajaumia."

"Kijana wangu," Jaji alianza kwa upole, "Ligi inakupenda. Wewe ni tunu. Wewe ni nembo ya umoja wetu. Sasa hebu tueleze, ni nini hasa kilichokukera?"

"Hakuninawisha, mzee. Mbele ya mama yangu."

"Maji yalikuwa yamekatika?"

"Yalikuwepo. Aliwanawisha wengine."

"Labda hakukuona."

"Nilikuwa wa kwanza mstarini, mzee."

Mwenye timu ya Kishindo akashindwa kuvumilia. "Tatizo lenu mnapenda kuchukulia kila kitu kirangi-rangi! Mimi nina Wamunyu kwenye kikosi changu, tunaishi nao vizuri, nawafahamu wote kwa majina. Kuna yule... nani yule... yule mrefu."

"Naam," walisema wenzake, "yule mrefu."

Jaji akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi sema unachotaka, mwanangu. Ligi ina moyo. Nyumba? Gari?"

"Sitaki gari. Nataka aninawishe. Mimi na wenzangu, kwa mkono wake, mbele ya watu, na mama akiwepo. Akishafanya hivyo yameisha, sitamdai kingine."

Wenye timu wakatazamana. Mmoja alitema juisi kwenye glasi.

"Afadhali nife!" ilisikika sauti kutoka upande wa ukutani. Haikuandikwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa aliyeitoa hakuwepo kikaoni.

"Unaona sasa," Jaji alimwambia Sabiti kwa huzuni, "unavyochochea chuki?"

*

Hata hivyo adhabu ilitolewa, tena nzito, na anayesema ligi yetu inaogopa matajiri namwomba afunge mdomo asome.

Bwana Ladislausi alifungiwa kuingia uwanjani msimu mzima. Bahati mbaya jukwaa lake lilikuwa ndani ya uwanja, na ana presha, hawezi kutazama mpira mbali na friji yake. Wakaletwa wapimaji wa ardhi, wakamwaga chokaa kuzunguka jukwaa, na kuanzia siku hiyo eneo lile likawa nje ya uwanja kisheria. Alikuwa anakaa nje akitutazama sisi tuliomo ndani, na kwa kweli tulimwonea huruma.

Akatozwa faini, iende kwenye Mfuko wa Kupambana na Ubaguzi. Mlezi wa mfuko huo ni yeye. Alikabidhi hundi kwa mkono wa kulia akaipokea kwa wa kushoto, wapiga picha wakamwomba arudie, akarudia bila kinyongo.

Likaja Juma la Rangi Zote. Wachezaji walivaa fulana zilizoandikwa SOTE NI WAMOJA, kazi safi ya kiwanda cha Bwana Ladislausi, za Wasindo pamba na za Wamunyu nailoni.

Kisha semina. Aliamriwa kuhudhuria Semina ya Utu kwa juma zima, asikose hata kipindi. Kwa kuwa ana shughuli nyingi alimtuma dereva wake, Mzee Kisaka, Mmunyu wa makamo mwenye adabu zake. Mzee Kisaka akakaa mbele, akaandika, akauliza maswali, akatoa machozi kwenye kipindi cha kusameheana, akapewa cheti kwa niaba. Mkufunzi aliandika kwamba Bwana Ladislausi amebadilika kabisa.

Mwisho, adhabu iliyotutoa machozi: auze timu! Akamuuzia mkewe. Makabidhiano yalifanyika chumbani kwao, na tangu siku hiyo akitaka kumtoa mchezaji benchi lazima amgeukie mkewe kitandani amwombe ruhusa. Sasa niambieni, ligi gani duniani imewahi kumdhalilisha mwanamume kiasi hicho?

Kunawisha tu ndiko kulikokosekana.

*

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza, kabla ya filimbi, Sabiti alitoka golini akatembea mpaka kwenye mstari wa chokaa, mbele ya jukwaa la Bwana Ladislausi. Akavua glovu. Akanyoosha mikono mitupu, viganja juu, akasimama hivyo hivyo. Bwana Ladislausi alijifanya hamnazo, akasoma lebo ya chupa ya soda kutoka juu mpaka chini. Mwamuzi alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma.

Mechi iliyofuata walisimama Wamunyu wote wa Radi. Iliyofuata na wa timu pinzani wakajiunga. Ikawa sasa ukienda uwanja wowote, mbele ya jukwaa la mwenye timu yeyote, kuna safu ya mikono imenyooshwa. Sisi mashabiki wa kweli tukapandwa na hasira. Tumekuja kutazama mpira, wao wanatuonyesha viganja! Nilizomea mpaka sauti ikanikauka. Jirani yangu alimrushia Sabiti ganda la ndizi likamtua begani. Hakulitoa, wala hakugeuka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ligi ikapiga marufuku mikono. Ikaelezwa kwamba makipa wanaihitaji. Ikapiga marufuku mikono isiyo na mpira. Sabiti akaja na mpira, akauweka chini, akanyoosha.

Kilichowatoa jasho wakubwa hakikuwa mikono yenyewe. Mdhamini wa ligi yetu ni kampuni ya sabuni. Siku moja mkurugenzi wake akampigia Jaji simu, na alivyofoka makarani walimsikia wakiwa koridoni.

"Mzee, watu madukani wanaichukua sabuni yangu, wanaitazama, wanacheka, wanairudisha! Mnawisheni huyo mtu, ama natoa fedha zangu napeleka kwenye ndondi!"

Hapo ndipo Ligi ilipoguswa na utu. Jioni hiyo hiyo Jaji alitangaza kwamba dhamira yake haijamruhusu kulala. Iliamuliwa Bwana Ladislausi atawanawisha Wamunyu wa Radi uwanjani, baada ya mechi ya mwisho, na baadaye watakula pilau ya upatanisho sinia moja na wenye timu wote.

Nasikia Sabiti aliposikia alimpigia mama yake. "Mama, njoo. Amekubali."

"Yeye mwenyewe?" mama aliuliza.

"Wamesema yeye mwenyewe."

*

Siku hiyo uwanja ulijaa mpaka juu ya paa. Katikati palitandikwa zulia, likawekwa sinia la pilau pana kama mlango, mvuke unapanda. Wenye timu walikuwa wameshakaa kulizunguka, wamenawa, wamekunja mikono ya kanzu na mashati. Mama Sabiti aliwekewa kiti karibu na zulia. Kanga ilikuwa ile ile, safari hii imefuliwa.

Wachezaji wakaja moja kwa moja kutoka kwenye mechi, magoti yana matope. Sabiti akavua glovu, akanyoosha mikono juu ya beseni.

Jaji akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Leo historia inainama kutuamkia! Leo yule ambaye nchi ilimsubiri, yule aliyepitia semina, akatubu, akapewa cheti, anakuja kunawisha!"

Akaja Mzee Kisaka, dereva, ameshika birika.

Jaji akaendelea bila kumeza mate. "Kisheria, aliyehitimu Semina ya Utu kwa jina la Bwana Ladislausi Mtukura ndiye huyu. Cheti hiki hapa. Kwa hiyo kwa shughuli yote ya kutubu, huyu ndiye Bwana Ladislausi." Bwana Ladislausi mwingine, yule mwenye kitambi, alikuwa ameshakaa kwenye sinia, anachagua kwa macho kipande cha nyama.

Tukapiga makofi, maana hoja ilikuwa nzito.

Mzee Kisaka akasimama mbele ya Sabiti. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Wameniambia nisipofanya hivi niache funguo za gari mezani."

"Mzee wangu, wewe hujanikosea kitu," Sabiti alimjibu. "Liweke chini hilo birika, utachoka bure."

Kisha akageuka. Hakumtukana mtu, hakupiga mtu, hakutupa beseni. Alitembea mpaka kwenye sinia, akapiga magoti katikati ya Jaji na Bwana Ladislausi, na ile mikono yake, ina matope ya goli, ina jasho la dakika tisini, haijaguswa na tone la maji, akaitia kwenye pilau. Akafinyanga tonge. Akala.

Mikono yote ya wenye timu ikatoka kwenye sinia. Sisemi wa Bwana Ladislausi peke yake. Nasema yote. Wa Kishindo, anayewajua Wamunyu wake kwa majina, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutoa wake. Jaji aliuficha wake nyuma ya mgongo, punje za wali bado zimeganda vidoleni. Kamera ilikuwa juu yao na hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Karibuni," Sabiti alisema, mdomo umejaa. "Si tulisema sinia moja?"

Hakuna aliyekaribia. Ndipo akawageukia wenzake. "Njooni tule, kitapoa."

Wakaja Wamunyu wote wa Radi, wakapiga magoti. Mama Sabiti akasogeza kiti pembeni, akakunja kanga, akaketi chini.

"Nipisheni hapo," aliwaambia wenye timu, nao wakampisha, wakasimama kando ya zulia lao wenyewe wakitazama. Sinia lilirudi jikoni tupu.

Walipotoka getini vidole vilikuwa vinang'aa mafuta. Mama Sabiti akatoa kwenye kapu chupa ya maji aliyobeba kwa ajili ya safari, akaifungua, akamwambia mwanawe alete mikono. Akamnawisha taratibu, kidole kwa kidole. Akamnawisha wa pili na wa tatu. Mwisho wa mstari alikuwa amesimama Mzee Kisaka, ambaye hakula hata punje, na funguo alikuwa ameziacha mezani.

"Na wewe lete," mama alimwambia. "Umetoka mbali."

*

Usiku huo Kamati ilikaa bila kupumzika, na taarifa ya habari ikatuletea hukumu. Kile Kifungu cha Ubaguzi, ambacho tangu kiandikwe hakijawahi kumnasa mtu, kilikuwa kimenasa. Jaji alisoma mwenyewe, sauti ikimtetemeka kwa uchungu: "Mchezaji Sabiti Ngerula, akijua na kwa makusudi, alikula katika sinia la pamoja kwa namna iliyowafanya wenzake wa rangi nyingine washindwe kula, na hivyo kujitenga nao kwa misingi ya rangi." Amefungiwa maisha. Wenye timu wamepewa ushauri nasaha.

Mtaani kwetu tulirukaruka, tukapiga masufuria. Hatimaye ligi yetu imemwadhibu mbaguzi! Sabuni imerudi kununuliwa. Kwenu kama tatizo hilo bado lipo, leteni wajumbe wenu waje kujifunza, hoteli tunayo na ina kiyoyozi.

Limebaki jambo moja dogo. Jumatatu Kamati inakaa tena, na Mama Sabiti ameitwa akajieleze ni kwa mamlaka gani alinawisha wachezaji hadharani, ilhali kanuni zinasema kazi hiyo ni ya mwenye timu, na yeye hana timu.

Nasikia aliyempelekea wito amerudi na jibu la neno moja. Amesema, "Ninayo."